Masikio Nyuma ya Kioo

Mimi nauza petroli ya chupa pale njia panda ya Pahou, na petroli imenifundisha kutomwamini mtu. Anayekuletea atakuapia kwamba ni safi, imevushwa mpakani jana tu. Itikise chupa, utaona maji yanacheza chini. Basi nami natikisa kila kitu: mzigo, salamu, hata machozi ya msibani. Wazazi waliniita Houefa, yaani nyumba imetulia, na marehemu mume wangu, mhunzi, alikuwa akilitaja jina hilo anacheka.

Kwa hiyo Dansou alipotokea asubuhi moja na kile kioo mbele ya pikipiki yake, nilisema moyoni, hapa kuna maji.

Kilikuwa kioo kipana cha plastiki, kimekunwakunwa, kinapanda kutoka kwenye taa mpaka kidevuni mwa dereva. Hapa kwetu pikipiki za abiria hazina kioo. Upepo ni wa bure, dereva anaula, abiria anaula, na msimu wa vumbi wote wawili wanafika Ouidah wana nyusi nyekundu. Pikipiki zenye kioo tulizozijua ni zile kubwa za askari, zinazotangulia misafara ya wakubwa. Sasa Dansou, mtu wa Savi, baba wa binti mmoja aliyekaribia kuhitimu ushonaji, alikuwa na haja gani na kioo cha askari?

"Umekitoa wapi hicho?" nilimuuliza.

"Kwa wauza vyuma chakavu."

"Cha nini?"

"Upepo, Shangazi." Akatabasamu, akajaziwa petroli yake, akaondoka.

Upepo! Mtu mzima ameendesha pikipiki miaka yote hiyo, leo ndiyo kagundua kuna upepo.

Hapo nikaanza kumchunguza, na kadiri nilivyomchunguza ndivyo alivyozidi kunitia wasiwasi. Kwenye banda la madereva alikuwa na mahali pake pamoja tu: mwisho wa benchi, ubavu wa kushoto ukutani. Akimkuta mtu pale, anasimama kumsubiri aondoke. Watu wakizungumza, yeye hachangii. Anainamisha kichwa, anageuza sikio la kulia kuelekea kwenye maneno kama kuku aliyesikia mwewe. Anatega! Ukimuuliza kitu anatabasamu na kusema "ndiyo, ndiyo." Siku moja nilimtania kwa sauti ya chini wakati namfungia tangi, "Wewe ni mwizi tu, Dansou." Akajibu, "Ndiyo, Shangazi, ndiyo." Nikasema huyu au ni mpole kupita kiasi, au ananidharau.

Kisha siri zikaanza kuvuja.

Ya kwanza ilikuwa ya Senami, anayeuza akassa, yale madonge ya unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga jirani yangu. Alimwambia dada yake kwenye simu kwamba samaki wa jana humpitisha kwenye pilipili mpya akawa wa leo. Kufika jioni wateja walikuwa wanamnusa samaki kabla ya kukaa. Ya pili ilikuwa ya katekista wetu, aliyeonekana safi kama kanzu yake, kumbe anapeleka matatizo yake kwa mpiga ramli wa Fa. Ya tatu ndiyo iliyochoma: Agossou, mwenyekiti wa kijiwe, alikuwa anaposa mke wa pili huko Ouidah, na mke wa kwanza akapata habari kabla posa haijajibiwa. Mke huyo ni dada yake Senami. Agossou alikuja kazini siku tatu bila kunyoosha shati.

Wote watatu walikuwa wamepanda pikipiki ya Dansou.

"Nilikuwa nyuma yake, naongea na simu polepole," alisema Senami, "na niliona hakuna kelele kabisa. Kimya kama sebuleni. Kile kioo kinazuia upepo, maneno yote yanamwingia yeye!"

"Ndiyo kazi yake," akadakia Vignon, dereva mwenye mdomo kuliko wote. "Kioo cha askari, masikio ya askari. Mnadhani walimpa bure?"

Nami nikatia chumvi yangu. Nikaeleza habari ya kutega sikio na ya kukaa mwisho wa benchi. Lisemwalo lipo, nikawaambia.

Lakini mimi si mtu wa kununua petroli bila kuitikisa. Nilipanda mwenyewe pikipiki ya Dansou mpaka Ouidah, nikaweka simu sikioni, nikamnong'oneza mtu asiyekuwepo kwamba nimepata mchumba, mchunga ng'ombe wa Kifulani, na nitahama naye kabla ya mvua. Nilingoja. Umbea wa namna hiyo, mama mjane mwenye mvi kutoroka na mchunga ng'ombe, haukai mdomoni mwa mtu hata kidogo. Haukutoka. Mtu mwingine angesema basi, hana hatia. Mimi nikasema, mjanja huyu, ameshanusa mtego.

Agossou akaamua Dansou aape mbele ya Gu, mungu wa chuma. Madereva wetu, awe Mkristo au Mwislamu, hakuna anayecheza na Gu, kwa sababu Gu ndiye chuma, na chuma ndicho wanachokalia kutwa. Pembeni ya banda lipo rundo lake: minyororo, spoku na pistoni kuukuu, limemwagiwa mafuta ya mawese mpaka limekuwa jeusi. Utakalolisema mkono ukiwa pale, limesemwa. Akikana, atabaki. Akikiri, atavuliwa shati la sare ya kijiwe, na hakuna kijiwe kingine mpaka Cotonou kitakachompokea.

Asubuhi ya kiapo tulijaa. Dansou alikuja amevaa shati lililofuliwa, akapiga magoti akielekea kwenye chuma, akaweka mkono. Agossou alimwaga chini pombe kali ya sodabi, akasimama nyuma yake, upande wa kushoto. Barabarani malori ya saruji yalikuwa yanapita.

"Dansou! Wewe ndiye unayebeba maneno ya abiria wako?"

Dansou, macho kwenye chuma, akainamisha kichwa kwa adabu. "Ndiyo, mkubwa, ndiyo."

Kelele gani zile! Vignon aliruka juu ya benchi. Senami alipiga makofi. "Amekiri! Gu amemshika ulimi!" Agossou mwenyewe alibaki mdomo wazi, nadhani hakutegemea iwe rahisi hivyo. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, akanyoosha mkono kulishika shati.

Dansou alikuwa bado anatabasamu. Nami nililijua lile tabasamu. Ni lile lile alilonipa nilipomwita mwizi.

Mtu anayekiri dhambi mbele ya Gu hatabasamu. Nikasogea mpaka begani pake kwa kushoto, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Dansou, binti yako amekuja, yuko pale." Hakugeuka. Nikazunguka kulia, nikayarudia maneno yale yale. Akageuka kwa mshtuko, akamtafuta binti, hakumwona, akaniona mimi. Akayaona na makelele, midomo yote ile wazi, na mkono wa Agossou kwenye ukosi wake. Ndipo alipoelewa. Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu anayenunua petroli. Alikuwa ananiomba nisiseme.

Nami nikaelewa yote kwa mpigo. Tulikuwa tunamhukumu kwa kusikia mno mtu asiyesikia. Na hakuweza kujitetea, kwa sababu mzee Tohou, dereva mwenzao, alipoingiwa na mtoto wa jicho, alivuliwa shati pale pale, na Agossou huyu huyu, na sote tulisema vyema, dereva bila jicho ni jeneza. Dereva bila sikio je? Dansou alikuwa anachagua kati ya kufukuzwa kama mpelelezi na kufukuzwa kama kiziwi.

"Agossou, toa mkono," nikasema. "Kiapo hiki ni kibovu."

"Shangazi, umeshaanza."

"Mume wangu alikuwa mhunzi, wewe baba yako alikuwa muuza nazi. Nani anayajua ya Gu? Anayeapisha husimama ng'ambo ya chuma, macho kwa macho. Wewe umesimama mgongoni kwa mtu kama mdai, lori linapita, unamuuliza nini? Gu amesikia lori."

Je, mume wangu aliapisha hivyo? Hilo tuliache. Madereva walitazamana. Kukosea mbele ya chuma ni jambo ambalo hata Vignon halitaki, kwa hiyo alishuka kwenye benchi. Agossou akazunguka, akachuchumaa mbele ya Dansou, uso kwa uso, akauliza tena polepole kama anayemuuliza mtoto. Dansou alimtazama midomo, akabonyeza mkono kwenye chuma, akasema, "Sijabeba neno la mtu. Kama nimebeba, Gu anikute nalo barabarani."

"Basi kama hana la kuficha," akasema Vignon, "kioo kitoke."

"Kitoke," akasema Agossou, aliyetaka aonekane ameamua kitu. "Kioo au shati. Chagua."

Dansou aliazima spana, akafungua skrubu moja moja, akakileta kile kioo mezani kwangu kama mtu anayeacha mgonjwa hospitali. Watu walipotawanyika, nilienda kusimama upande wake wa kulia.

"Sikio la kushoto limekufa, Shangazi," akasema bila mimi kuuliza. "Kinu cha mahindi, kule Savi. Injini ilikuwa upande huo, miaka yote. Hili la kulia linakula nusu. Upepo ukiingia, hata hiyo nusu inakwenda. Abiria akisema nishushe, nampeleka mbele. Ndiyo maana ya kioo."

"Na honi za malori?"

"Nina vioo viwili vya pembeni. Natazama kuliko wao wanavyosikia."

Jibu hilo nalo nililitikisa. Sikuona maji. Lakini pia sikulala nalo vizuri.

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu. Bila kioo, Dansou alimpitisha muuza nyanya kituo chake mpaka akarudishwa kwa kupigwa kikapu mgongoni. Abiria wakaanza kumkwepa. "Ana kiburi siku hizi," walisema, "amenuna sababu ya kioo." Alikuwa anakaa mwisho wa benchi, na zamu yake ikipita hakuna anayemwita.

Aliyemwokoa ni Agossou, bila kujua. Kuonyesha kwamba hana kinyongo, alipanda pikipiki ya Dansou kwenda Ouidah, kule kule kwa posa yake, ambayo nyumbani alikuwa ameapa kuiacha. Wakati wa kurudi simu yake ililia njiani. Sasa, mtu anayeongea na simu kwenye pikipiki isiyo na kioo hupiga kelele kushindana na upepo, na pikipiki inapopunguza mwendo kwenye tuta lililo mbele ya meza yangu, upepo unakoma, lakini yeye kelele hazikomi. Tuliwasikia kabla hatujawaona.

"MWAMBIE BABA YAKO NAKUJA JUMAMOSI! NA VINYWAJI! HAPANA, YULE MKE WANGU HAJUI KITU!"

Njia panda nzima iligeuka. Mwiko wa Senami ulisimama juu ya sufuria.

"Shemeji," akasema Senami, taratibu sana, "Jumamosi unakwenda wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika chupa zisianguke. Kisha nikawauliza wote kwa sauti, huyo ndiye mpelelezi wenu? Senami, siku ile ya samaki ulikwenda na Dansou, ulirudi na nani? Alirudi na Vignon, simu bado sikioni. Katekista je? Na Vignon. Siri zilikuwa zinavuja hapa tangu enzi, kwenye tuta hili hili, zikipigiwa kelele na wenyewe. Ila zamani hatukuwa na mtu mwenye kioo wa kumsingizia.

Vignon aliinama akajifanya anakagua mnyororo wa pikipiki yake. Agossou alikuja mezani kwangu mwenyewe, akakichukua kioo, akampa Dansou bila kumtazama usoni. "Funga," akasema. Siku hizi wengine wawili wamefunga vyao, na abiria wenye mambo yao wanawangoja hao.

Watu wanadhani hadithi imeishia hapo, Dansou amesafishwa, tule akassa. Wao wanajua nusu. Nusu nyingine nimebaki nayo mimi, na ni nzito kuliko nilivyodhani. Kila lori likipiga honi barabara ya Ouidah, naacha kumimina petroli, nasikiliza.

Juzi Senami alikuja mbio, mtoto wake mgongoni anachemka homa.

"Shangazi, nampeleka zahanati. Nani anaendesha vizuri? Wewe ndiye humwamini mtu, nitajie mmoja."

Madereva wote walikuwa pale, wananitazama. Dansou alikuwa mwisho wa benchi, amegeuza sikio la kulia, na macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu. Nikamkumbuka Tohou, na lile neno la jeneza. Nikavikumbuka vile vioo viwili vya pembeni, anavyovifuta kila asubuhi kabla ya kuosha uso wake mwenyewe.

"Dansou," nikasema.

Nilimfunga mtoto vizuri mgongoni kwa mama yake, nikawatazama wakiondoka. Wateja wawili walikuja wakaondoka bila petroli, kwa sababu sikuwajibu. Nilibaki nimesimama, nimeikazia macho barabara ya Ouidah, mpaka kule mbali nilipoona jua limepiga kwenye kioo kinachorudi.