Mchicha Usio na Tundu

Majirani walimbandika jina la Mama Makopo, na jina lenyewe halikumkera. Makopo kweli alikuwa nayo. Ya maziwa, ya rangi, ya mafuta ya kupikia, yote kayatoboa chini kwa msumari na kuyapanga kwenye kibaraza cha chumba chake huko ghorofani. Udongo aliuchanganya na maganda ya viazi, majani makavu na mavi ya kuku. Dawa ya dukani hakutaka hata kuisikia. Wadudu wakizidi aliwanyunyizia maji ya pilipili na majivu, na waliobaki aliwaokota mmoja mmoja huku akiwasemesha, "Wewe nawe huna kwenu?"

Sababu ya yote hayo ililala kwenye kanga kando ya cherehani yake. Kilikuwa kitoto cha kike kilichozaliwa kabla ya siku zake, kidogo hata baba yake mwenyewe aliogopa kukipakata. Mama Makopo alijiapiza kwamba baada ya ziwa lake, chakula cha kwanza kitakachopita kinywani mwa mwanawe kitatoka mikononi mwake, na kitakuwa kisafi.

Mumewe alikuwa mpakiaji wa mizigo ghalani. Jioni moja alirudi na ndoo za bluu zenye midomo mipana, jasho linamtiririka, anacheka peke yake.

"Makopo basi," akasema. "Sasa mke wangu atapanda kwenye ndoo kama watu."

Alikuwa ameziosha mpaka zinang'aa. Ubavuni zilibaki na alama ya gundi, mahali palipobanduliwa karatasi.

Mchicha wa kwenye ndoo ulikuja juu kwa fujo, majani mapana kama viganja, bila hata tundu la sindano. Ule wa kwenye makopo, pale pale jirani, ulikuwa umetobolewa kama kitambaa cha lesi. Kinyozi wa chini alipopanda kuchukua suruali yake alisimama akashika kiuno.

"Shemeji, hawa wadudu umewahonga?"

"Wamenihurumia tu."

"Basi niuzie fungu moja."

"Wa ndoo hauuzwi. Ni wa mwanangu."

"Mwanao hana hata jino. Mimi ninayo yote."

"Nitakupa wa makopo."

"Huo una wapangaji," akasema kinyozi, akashuka na suruali yake.

Mama Makopo alicheka. Lakini cherehani yake ilitazamana na kibaraza, na mtu anayeshona kutwa huona mengi. Aliona sisimizi wakifuata ukuta, msafara umenyooka, na kila walipofika kwenye ndoo walikunja kona kubwa kisha wakarudi kwenye mstari wao, na hapo chini hapakuwa na maji wala kitu. Aliona nyuki akitoka kwenye maua ya nyanya, akielekea kwenye ndoo, akasimama hewani kama mtu aliyesahau alichofuata, akageuka. Shomoro waliokuwa wakimwibia nyuzi walitua upande wa makopo tu. Upande wa pili palikuwa na ukimya ambao mtu angeweza kuusikia. Alipoinama kumwagilia, shingo ilimsisimka, kama vile kuna mtu kasimama nyuma ya majani yale akiwakataza wengine.

"Mama, pale kwenye ndoo hapakai kitu," alimwambia mama mkwe wake, aliyekuja kumsaidia kulea.

"Ndio mkono wako huo, mwanangu. Wenzio wanapanda, wanavuna viwavi. Wewe shukuru."

Akashukuru. Kisha akahamisha minyoo kutoka kwenye makopo akaifukia kwenye ndoo, ilainishe udongo. Asubuhi aliikuta nje, juu ya saruji, imekauka kama vipande vya uzi, yote imejinyoosha kuelekea ilikotoka. Aliifagia kimya kimya. Angemwambia nani asimcheke?

Mtoto akaanza kufuata mikono ya watu kwa macho wakati wa kula, akilamba midomo. Bibi yake akasema siku imefika. Alichuma majani laini ya kwenye ndoo, akayachemsha na kiazi, akaponda.

Mama Makopo alikuwa kibarazani akiokota wadudu. Alishika kiwavi kinene na, bila kujua kwa nini, akakiweka kwenye jani la ndoo. Kiwavi kiliinua kichwa. Hakikuuma hata kidogo. Kilitambaa mpaka ukingoni, kikapapasa hewa, kikajiachia chini. Akakirudisha. Kikajiangusha tena.

Ndani kijiko kiligonga bakuli. "Fungua mdomo, bibi mdogo. Aaa."

"Mama, ngoja."

Alipiga kigoda teke, kikabingirika, akaudaka mkono wenye kijiko.

"Umeshamlisha?"

"Ndio kwanza kafungua kinywa. Umeona nini?"

"Hawali, mama. Hakuna anayekula."

Mumewe aliporudi hakupata hata maji ya kunywa.

"Baba mtoto, zile ndoo zilikuwa na nini?"

"Niliziosha mpaka viganja vikachubuka."

"Sijauliza kuosha."

Aliitazama ile alama ya gundi. "Dawa ya kuulia wadudu wa nafaka. Karatasi ilikuwa na picha ya fuvu. Niliibandua usije ukaogopa."

Mama yake, ambaye hakuwahi kumkemea mbele ya mkewe, aliangalia bakuli lililopoa. "Mwanangu," akasema polepole, "ungemwacha aogope."

Ndoo mumewe alizipasua zisitumiwe na mtu mwingine. Udongo, mchicha na kile chakula walivifukia kwenye shimo refu nyuma ya ukuta, pasipolimwa. Mtoto alisubiri makopo. Siku ulipochumwa mchicha wa makopo, bibi yake aliinua jani juani, akamchungulia mkwewe kupitia tundu. "Huu umeonjwa," akasema, ndipo akautia sufuriani.

Hadi leo Mama Makopo akipeleka nguo za wateja, mtoto mgongoni, hupita nyuma ya ule ukuta. Majani yameota kote yakaishia ukingoni mwa lile shimo. Sisimizi huja na mizigo yao, wamenyooka, wakifika pale hukunja kona. Naye, bila kufikiri, hukunja pamoja nao.