Nafasi Aliyoniachia Theodora

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mavuno ya ngano yamekwisha, kombaini zimeshaoshwa, na watu wamejaa uwanja wa mpira wa shamba kumsikiliza Theodora. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao pamoja na mama yangu, nimenuna, mdomo umenivimba kama niliyeumwa na nyuki.

Ngoja nikueleze, maana nyie mkiona mvi zangu mnadhani nilizaliwa nazo. Shamba letu la serikali huko Hanang lilikuwa na bendi yake. Mchana tulikuwa wafanyakazi, jioni wanamuziki. Theodora alipika kantini, mimi nilishona midomo ya magunia. Kwenye bendi yeye aliongoza, mimi nilimwitikia. Wimbo uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa mavuno. Yeye anaita, "Ngano imeiva, nani yupo?" Nami najibu peke yangu, "Mimi nipo." Basi, maneno mawili tu. Lakini nikiyasema mimi, madereva wa trekta walikuwa wanarusha kofia juu.

Halafu Theodora akaitwa Arusha akaimbe kwa jina lake mwenyewe. Alikuja kwangu akaniomba twende wote. Nikaogopa. Nikasingizia kwamba mama hana wa kumwangalia, na mama wakati huo alikuwa analima kunishinda. Akaenda. Bendi yetu ikalegea, redio ikaanza kumtaja yeye, na kila akitajwa naizima. Hakuninyang'anya kitu, mwanangu, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Angeniibia, ningejua pa kumshtaki.

Jumamosi hiyo Theodora alirudi kutuimbia, akapanda juu ya trela la trekta, ndiyo jukwaa lenyewe, na gauni la bluu na viatu virefu, kwenye vumbi lote lile. Nyuma yake wapiga gitaa wageni wa mjini. Watu wakashangilia mpaka masikio yakaniuma, tena wale wale waliokuwa wakinishangilia mimi. Ndiyo dunia: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Nikaanza kumtafutia kasoro. Nikamwambia mama sauti imekauka, nikamwambia amenenepa. Mama alikuwa ametoka kijijini kwetu Maretadu alfajiri, juu ya lori la maharage, kuja kumsikiliza Theodora, wala hakutaka kelele zangu.

Ndipo Theodora akaanzisha ule wimbo wa mavuno. "Ngano imeiva, nani yupo?" Magitaa yakanyamaza. Akashusha kipaza sauti, akatulia. Hakuna aliyejibu. Nafasi yangu alikuwa ameiacha wazi, kama chakula cha mtu aliyechelewa, na macho yake yanapita kwenye nyuso za watu. Alikuwa ananitafuta. Nami nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, si umejifanya unaweza peke yako? Haya, jijibu.

Akaita tena. Kimya kile kile. Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakacheka, wakidhani amesahau wimbo. Nilifurahi. Nisikudanganye, nilifurahi kabisa.

Mama akanishika mkono. Unajua kwetu mzee akisimama kuomba baraka, wote huitikia, hata yule aliyegombana naye asubuhi. Baraka si ya anayeita peke yake. Isipoitikiwa inaanguka chini, na anayefunga mdomo hapo hutazamwa kama mtu anayewatakia wenzake njaa. Mama akaniambia kwa lugha yetu, Kiiraqw, taratibu, bila kunitazama:

"Binti yangu, mtu akiita mbele za watu hujibiwa mbele za watu. Wivu wako kaumeze nyumbani."

Nikafungua mdomo. Sauti ya kwanza ilitoka inakwaruza. "Mimi nipo." Watu wakageuka. Theodora akaniona, akaita tena, nikajibu tena, safari hii kwa sauti yangu yenyewe. Hakunipandisha juu ya trela, wala sikupata kuwa maarufu. Na wivu haukuniisha, mwanangu. Niliimba nao umenikaa kooni.

Alipomaliza alikuja kutusalimia. Akampa mama shikamoo, kisha akanigeukia.

"Kila ninapoimba ule wimbo naiacha nafasi yako," akasema. "Watu wa Arusha wanadhani ndivyo wimbo ulivyo."

Nilimshika mkono tu, na vumbi likapata lawama ya machozi yangu.

Basi sikiliza. Wivu utakujia, na utakujia kwa yule mliyeanza naye, kwa sababu mtu wa mbali hatuna shida naye. Usijidai huna. Ila usiuache ukufunge mdomo siku mwenzako anapokuita. Kama ulibaki nyuma kwa uoga, huo uoga ni wako, usimdai aliyekwenda. Na yeye aliyekwenda, usimwone anang'aa ukadhani hana haja nawe. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikivikwa pete.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na ng'ombe wako warudi zizini wote. Akupe mwenzako wa kukuachia nafasi, na akupe koo la kuijaza. Haya, mwanangu, mimi nimeshaita. Itikia.