Hori Ilikuwa Ndani ya Nyumba

Enzi zetu, pale Mkuu Rombo, hakuna aliyepata kipaimara bila kuulizwa maswali na padri mbele ya wazazi wake. Ukishindwa, unarudi mwaka unaofuata kukaa benchi moja na wadogo zako. Dada yangu Matilda alikuwa ameshashindwa mara moja, na mama alishamwambia wazi kwamba aibu ya pili hataibeba.

Katekista wetu, Mwalimu Sirili, tulimchosha kwelikweli. Tulifika mafundisho tukinuka moshi na ng'ombe, maana kwenye msonge wetu tulilala nao chini ya paa moja: wao upande ule, sisi upande huu, moto katikati, na hori yao ya kulia majani karibu kabisa na kitanda cha bibi. Asubuhi tuliwatupia majani ya migomba, tukanywa mtori, tukaenda. Halafu Mwalimu akiuliza Yesu alizaliwa wapi, darasa zima linaitika: zizini.

Anashika kichwa. "Someni, wanangu. Zizi mmelitoa wapi?"

Tulilitoa kwenye kadi za Krismasi. Akatusomesha Luka polepole, mstari uleule mpaka ndimi zikachoka. Hori ipo, zizi halitajwi. Kisha akatuonyesha gazeti la misheni lenye picha za nyumba za kale zilizofukuliwa katika nchi za Biblia, hori za mawe zikiwa humohumo walimoishi watu. Akatuonya tusiongeze chumvi: waliochimba hawakuipata nyumba yenyewe, wametuonyesha tu jinsi watu wa kule walivyoishi na mifugo yao.

"Sasa nani hapa hajawahi kulala nyumba ya namna hiyo?"

Watoto wa msonge, na bado tulihitaji gazeti.

Siku ya maswali, padri akamuuliza Matilda jambo hilohilo. Akajibu kwamba yaelekea ni ndani ya nyumba, karibu na watu. Wazazi wakaguna. Padri akasema ni zizini, akamwambia akakae. Mama akainamisha uso. Matilda hakukaa.

"Samahani, Padri. Naomba tusome."

Padri akafungua Luka, akasoma kimya, akarudia.

"Hori ipo," akasema hatimaye. "Zizi silioni. Umefaulu, binti."

Juzi mjukuu wangu anayeishi mjini, Pasua, kanitumia video ya gurudumu la gari la Farao, eti limeonekana chini ya bahari, naye kashaandika amina. Nikamuuliza nani kalipata, nani kalipima, na kitabu cha Kutoka kinasemaje.

"Babu, watu kibao wameshalaiki."

Nikamwita nyumbani, nikafungua Biblia, tukaanza taratibu. Ni mtoto mzuri, na kichwa anacho. Mstari wa tatu simu ikalia, akatoka nje nayo. Matilda alisimama mbele ya padri na wazazi wote ili mstari mmoja usomwe. Huyu hata kusimama sikumtaka. Nilimwomba akae tu.