Nta kwenye Sanduku la Medina

Watu wa kivuko walimwita Tahiru Baba Mfuniko, na jina hilo lilimkera. Alikuwa seremala wa Arua, Mnubi wa kuzaliwa Koboko, mwenye mdomo mzito na mikono isiyotulia. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuzuia maji yasiingie kwenye mashua pacha ya nahodha Kenyi.

Mashua ile ilikuwa mitumbwi miwili mirefu iliyounganishwa kwa sakafu ya mbao, na injini nyuma katikati. Watu na marobota ya pamba walikaa juu ya sakafu. Kila mtumbwi ulizibwa kwa mbao juu, ukaachiwa tundu moja lenye mfuniko. Ukatili wa chombo cha namna hiyo ni kwamba maji yakiingia mtumbwini huyaoni. Unakuja kuyajua mashua imeshalala ubavu. Kwa hiyo Tahiru alikuwa akipiga mbao kwa kisigino na kusikiliza. Zikilia kama ngoma, kukavu. Zikinyamaza, ole wenu.

Tangu Wahindi waondoke na maduka kubaki rafu tupu, mpira wa kuzibia ulikuwa hadithi. Tahiru alitumia pamba na nta ya nyuki kutoka Ludara. Nta hushika mbao kavu, mbao mbichi huitema. Akishaziba mifuniko asubuhi, hakuna aliyethubutu kuigusa. Wachuuzi walimbembeleza awafichie sukari humo, askari walimtisha, na wote aliwajibu vilevile: "Maji haina ndugu."

Aliyemyeyushia nta hiyo tangu utotoni ni Medina, bintiye wa pekee. Mama yake alifariki Medina akiwa bado ananyonya, akamwachia sanduku la mbao lenye vyombo vya ukindu alivyovisuka kwa rangi. Tahiru hakuoa tena. Alimlea binti yule kwa msaada wa dada yake Madinah, mwanamke mwema mwenye ulimi wa kuchoma mahindi, na alimpenda kupita kiasi, ingawa hakuwahi kulitamka neno hilo.

Mwaka wa sabini na nne Medina akaposwa na fundi cherehani wa Adjumani, ng'ambo ya Nile. Siku ya kumpeleka, alikaa sakafuni mwa mashua amefunikwa kitambaa juu ya kitambaa. Kwa desturi ya nyumba yao, bibi harusi akishafunikwa haoneshi uso wala hatoi sauti mpaka afike kwa mumewe. Akisema neno moja njiani, watu watasema hakulelewa.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Kenyi alitaka wasubiri, lakini wenyeji walikuwa wakingoja ng'ambo na chakula kimeshapikwa. Hapo Madinah akaliona sanduku la marehemu limekaa mvuani, akaja juu.

"Tahiru, hii kitu ya mama yake italowa," alisema. "Fungua mfuniko, weka ndani. Ama hata leo wewe iko na roho ya jiwe?"

Tahiru akakataa. Ndipo mkono wenye hina ukatoka chini ya vitambaa ukamshika mkono wa kanzu. Ukamvuta kwa nguvu. Akamtazama binti yake asiye na uso wala sauti, akafikiri: ananiomba kitu cha mama yake, na hii ndiyo mara ya mwisho kuniomba nikiwa na mamlaka ya kumpa. Ukamvuta tena. Moyo ukamwishia.

"Haya, mwanangu," alimwambia. "Nimesikia."

Akafungua mfuniko wa kushoto, akashusha sanduku, akaziba upya. Alizifuta mbao kwa kanzu yake, lakini mvua ilikuwa inazidi, na alijua nta haikushika. Alijua kabisa. Akajiambia mto ule si mpana.

Katikati ya maji upepo ukawakuta. Mawimbi yakapanda juu ya sakafu, Kenyi akapunguza mwendo na kuyaelekezea pua. Tahiru akapiga kisigino kushoto. Mbao hazikulia. Kabla hajainua sauti, mashua ililala, marobota yakaporomoka upande uliozama, na watu pamoja nayo. Injini ikazimika. Waliobahatika waling'ang'ania mtumbwi wa kulia, Madinah akiwa mmoja wao. Tahiru alimshika Medina kwa vile vitambaa. Vikaja mkononi mwake kimoja baada ya kingine, mpaka akabaki ameshika nguo tupu.

Mwili wa Medina ulipopatikana, walimzika Koboko, karibu na mama yake.

Baada ya arobaini, mvuvi alileta sanduku alilolikuta limenasa kwenye mafunjo. Tahiru hakutaka kuliona. Madinah akaliweka mbele yake. Tahiru alipolipiga kwa kidole, likalia kama ngoma.

Kuzunguka mfuniko wote palikuwa na pamba na nta, imekandamizwa vizuri, na kwenye nta alama za kidole gumba chembamba. Alilichokonoa kwa kisu. Vyombo vya ukindu vilikuwa vikavu, rangi zake vilevile.

"Alishaliziba," Tahiru alisema. "Alikuwa ananizuia."

Madinah alilia mpaka sauti ikakauka. Tahiru yeye hakulia; alikaa ameweka gumba lake juu ya alama zile, na lake lilikuwa kubwa mno, lilizifunika.

Hakurudi mtoni. Alihamia Koboko akawa anatengeneza viti. Madinah aliendelea kuitwa kwenye harusi za Wanubi, Koboko na Arua, maana alijua kupamba. Ila alianza jambo lililowaudhi wazee: kabla bibi harusi hajatolewa nje, humfunua uso mbele ya watu wote.

"Kama iko na neno, mama, sema," humwambia. "Sisi nangoja."

Wengi hucheka kwa aibu, husema hawana neno. Tahiru husimama nje dirishani mpaka asikie hivyo, kisha huenda zake bila kula.