Puring Kwenye Mizani ya Nguruwe

Mtaani kwetu salamu ni mwili. Ukirudi kutoka Manila, mtu wa kwanza kukuona hakuulizi habari za safari. Anakukagua kuanzia shingoni mpaka magotini, kisha anapaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara: "Umenenepa!" Hapo unacheka, mambo yameisha. Ukisikia "umekonda" ndipo uanze kuogopa, kwa sababu tayari kuna watu wanajadiliana nani atapika kwenye matanga yako.

Purificacion Manalang, ambaye sote tunamwita Puring, hakuwa ameambiwa amekonda tangu abatizwe. Pikipiki zenye kigari cha ubavuni zilimpakia peke yake, na bado zilikwenda zimeinamia upande. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, si kwa unyenyekevu, ila mabenchi ya mbele yalikuwa ya zamani na padri alimwomba ayaonee huruma. Kazi yake ni mpishi wa shughuli. Harusi, ubatizo, matanga, sikukuu ya Mtakatifu Roko msimamizi wetu, akishuka tu na masufuria yake wanaume wanalegeza mikanda. Na ukubwa wake ulikuwa tangazo la biashara. Mpishi mwembamba, tulikuwa tukisema, anajua kitu kuhusu chakula chake ambacho hataki kutuambia.

Mimi ni Luming, fundi wa nguo, jirani yake ukuta kwa ukuta. Nimemshonea tangu tuko wasichana. Utepe wangu wa kupimia haukumtosha. Nilimpima mbele, nikaweka alama ya chaki, halafu nikazunguka nyuma kumalizia kazi.

Ana ndugu mmoja tu, Melchor, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki. Melchor anamwita Atsi, yaani dada mkubwa, na kwake neno hilo ni mama na dada kwa pamoja. Yeye ni mwamuzi kwenye uwanja wa kupiganisha majogoo, na ana mdomo mchafu kuliko hao majogoo wenyewe. Figo zake zilikufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki alikuwa anakwenda mjini kusafishwa damu kwa mashine. Nisamehe, lakini bila kulisema hili hadithi haiendi: mtu wa namna hiyo hakojoi, na maji ya kunywa anapimiwa kikombe. Kwenye joto letu la Aprili, jitu zima lilikaa linamumunya kipande cha barafu kama peremende. Aliniambia kinachomuuma si sindano. Kinachomuuma ni wenzake wakienda kusimama ukutani nyuma ya uwanja, na yeye anabaki kuwashikia majogoo.

Halafu moyo wake nao ukaanza kuchoka. Madaktari wakasema mashine haitamfikisha mbali, atafutwe ndugu wa kumpa figo. Binamu yake mmoja alijitokeza, Melchor akamfukuza na ufagio.

"Mtu hakatwi kwa ajili yangu!" alifoka. "Nyie ni nguruwe wa sikukuu, nikate kipande nile? Mtu akinitajia figo tena, hata hiyo mashine siendi!"

Tulijua si mzaha. Ndiyo maana Puring hakusema neno.

Sasa nikwambie jambo ambalo mtaa mzima ulilijua mwishoni, usije ukahangaika kama tulivyohangaika sisi. Puring alikwenda Manila kimyakimya, kwenye hospitali ileile yenye vipimo vya Melchor. Damu zikaoana. Daktari akamwambia, "Mama, figo yako ni nzuri sana. Shida ni njia ya kuifikia." Akamtaka apunguze kilo hamsini, kwanza wapasuaji wapate pa kupita, pili yeye mwenyewe asife mezani. Na hizo kilo hamsini walizikadiria kwa macho, kwa sababu mizani ya kliniki ilikuwa imegota mwisho na mshale wake ukagoma kurudi.

Kwa hiyo alikwenda kupimwa sokoni, kwa mchinjaji, kwenye mizani ya nguruwe. Alipanda alfajiri, kati ya madume mawili yaliyokuwa yanasubiri zamu.

"Atsi Puring," mchinjaji akasema, "huyu wa kushoto kakuzidi kilo tisa."

"Mpe hongera zangu," akajibu Puring. "Na wewe ukifungua mdomo, nitakupika."

Mchinjaji alinyamaza mwaka mzima. Nadhani alimwamini.

Basi njaa ikaanza. Fikiria mtu anayeishi kwa kupika, tena kwetu, ambako ukipita tu mbele ya dirisha la mtu unaitwa ndani ule, na ukikataa umemtukana yeye, mama yake na sufuria lake. Puring alianza kwa kuonja na kutema. Kwenye harusi moja Bibi Ebeng, kiongozi wetu wa sala na mwenye macho ya mwewe, alimwona anatema mchuzi kwenye karai. Kabla keki haijakatwa, nusu ya watu walikuwa wameweka vijiko chini.

Hapo ndipo alipokuja kwangu. "Luming, kuanzia leo wewe ndiye ulimi wangu."

"Ulimi wako umefanya nini?"

"Umestaafu. Onja. Chumvi?"

"Imekaa."

"Una uhakika?"

"Ngoja nihakikishe." Nikahakikisha kwa bakuli.

Nilihakikisha miezi na miezi. Yeye akishuka, mimi napanda. Magauni yake niliyapunguza mara ya kwanza, nikayapunguza mara ya pili, mara ya tatu nikaona ujinga wa nini, nikayavaa mimi. Katika mtaa mzima hakuna aliyefaidika na njaa ya Puring kama mimi na mbwa wake.

Asubuhi alitembea makaburini, akizunguka na rozari mkononi ili aonekane mcha Mungu. Nilimuuliza kwa nini huko. Akasema ndiko mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kumkaribisha mezani. Siku ya Marehemu Wote alisahau, akaenda kama kawaida, akakuta koo nzima zimetandika mikeka juu ya makaburi na vyungu vya chakula. Alirudi mbio, nyuma yake wanawake wanne na sahani za vitumbua vya mchele.

Na usidhani njaa ilimfanya mtakatifu. Alikuwa mkali kama pilipili. Alinirushia upawa kwa sababu natafuna kwa sauti. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni, macho mekundu.

"Nimeota wali," akasema. "Wali mtupu, Luming. Hata mchuzi hakuna. Nikaamka nalia kama mtoto."

"Si ule tu, shoga? Nani kakufunga mdomo?"

"Magoti," akanijibu. "Magoti yananiuma." Nikaamini, kwa sababu magoti yake hata mimi yangeniuma.

Kilo zikaondoka, ngozi ikabaki. Ilining'inia mikononi na tumboni. Alikuja chumba changu cha kushonea, akaikunja ya mkono kwa vidole viwili. "Fundi, hii haitiwi pini?" Tulicheka mpaka nikameza uzi. Halafu akajitazama kwenye kioo, akasema, "Nimekuwa kama mama alivyokuwa anakufa." Na kweli alifanana naye. Nikafunika kioo kwa kitambaa.

Mtaa nao haukukaa kimya. Wa kwanza walisema ana bwana. Hilo lilikufa haraka, tukakosa wa kumpa. Wa pili walisema karogwa na mpishi wa mtaa wa pili. Walioshinda ni wale wa saratani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, wakasema, wakaanza kumwangalia kwa yale macho ya kupima sanduku. Mwisho Bibi Ebeng akatoa hukumu: novena ya kumwombea mgonjwa, jioni tisa mfululizo, nyumbani kwa Puring mwenyewe.

Unajua novena za kwetu. Sala ni fupi, chakula ni kirefu. Kila jioni ukoo mmoja unaleta masufuria, mtu wa kwanza kupakuliwa ni mgonjwa, na hakuna anayetia tonge mdomoni mpaka amwone mgonjwa anatafuna. Puring hakuweza kukataa. Kukataa novena ni kumwambia Mtakatifu Roko huna shida naye, na Puring alikuwa na shida naye sana. Zilikuwa zimebaki kilo tatu.

Basi jioni ya kwanza tambi za kukaanga na uduvi. Ya pili mguu wa nguruwe. Ya tatu mkia wa ng'ombe kwenye mchuzi wa karanga. Yeye katikati, kwenye kiti cha mgonjwa, sanamu ya Roko mwenye donda pajani na mbwa wake wa mbao mezani, macho ya watu arobaini kwenye kijiko chake. Alitafuna, akapangusa midomo kwa kitambaa, na kitambaa kikashuka na tonge lake chini ya kiti alikolala mbwa wake. Mbwa yule alinenepa kwa maombezi, na zile kilo tatu zikaisha.

Na Melchor alihudhuria zote tisa. Alikaa pembeni, hali kitu, anamwangalia dada yake. Hakutukana hata mara moja. Hapo mimi ndipo nilipoogopa.

Jioni ya tisa, Bibi Ebeng hajamaliza litania, Melchor akainuka. Alikuwa hajapiga goti kanisani tangu harusi ya mtu. Akaanguka magoti yote mawili mbele ya sanamu.

"Roko," akasema, "mimi na wewe hatuongei sana. Huyu ndiye aliyenilea. Alinilisha yeye akalala na maji. Usimchukue. Niache mimi nife, mimi ni takataka tu, lakini yeye mponye. Ukimponya, chochote atakachoniambia nitafanya. Sibishani. Naapa mbele ya watu wote hawa, na mbele ya mbwa wako." Kisha akalia, kwa sauti, kamasi na vyote, na sisi tukalia naye.

"Nadhiri imepokelewa," akasema Bibi Ebeng, ambaye huzipokea kana kwamba Roko kamwachia funguo za ofisi.

Puring akainuka kwenye kiti cha mgonjwa. Akapangusa macho.

"Umesema chochote?"

"Chochote, Atsi."

"Na hubishani?"

"Sibishani."

"Bibi Ebeng, umesikia?"

"Nimesikia. Mpaka mbwa kasikia."

"Haya," akasema Puring. "Mimi siumwi. Sijawahi kuumwa. Nina njaa tu, tangu mwaka jana. Wiki ijayo tunakwenda Manila, utalala kitanda kimoja na mimi kingine, na utachukua figo yangu bila kufungua huo mdomo wako."

Nikwambie, hata masufuria yaliacha kutoa mvuke. Melchor alimtazama, akatutazama sisi, akamtazama Roko kana kwamba wamekula njama.

"Umenidanganya!" akapiga kelele. "Nilisema ukipona! Hukuwa mgonjwa, nadhiri haipo!"

"Basi amepona mapema," akasema Bibi Ebeng. "Ahadi ni deni, mwanangu. Mvunjie Roko nadhiri uone madonda atakayokuotesha, na mahali atakapoyaotesha."

"Nilidhani unakufa, Atsi!"

"Anayekufa ni wewe, mjinga!"

"Nyangumi mkubwa we!"

"Nyangumi gani?" Puring akafungua mikono, ngozi ikaning'inia. "Nitazame vizuri."

Akamtazama. Mwaka mzima alikuwa anaona ugonjwa, sasa akaona nini kilikwenda na kilikwenda kwa ajili ya nani. Akaenda akamkumbatia kiunoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mikono yake ikakutana nyuma ya dada yake. Mimi nililia mpaka gauni la Puring nililovaa likalowa kifuani.

Niliwasindikiza Manila. Sitaeleza mambo ya visu, sikuyaona na sitaki. Walipotoka waliwekwa vyumba viwili vinavyopakana. Puring alikatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi, Melchor akakatazwa kila kitu. Siku kadhaa alikuwa na mpira wa mkojo, maji yanajiendea yenyewe mfukoni, naye akasema hiyo haihesabiki.

Asubuhi waliyomtoa mpira, Puring alinikataza kuongea. Tulikaa tunasikiliza ukuta. Kimya. Nesi akasema kitu. Kimya tena, kirefu, nikaona midomo ya Puring inamwita Roko. Halafu tukasikia maji yanagonga bakuli la bati, kidogo kidogo, kisha kwa nguvu, kisha bila kukoma.

"Atsi!" Sauti ilifika mpaka barabarani. "Atsi, nakojoa!"

"Baba, punguza sauti," nesi akasema.

"Nipunguze nini? Waite watu waje waone! Atsi, unasikia? Yako inakojoa!"

Puring alikuwa ameshika mshono kwa mikono miwili, anacheka, analia, anaugulia.

"Kojoa, baba," akasema polepole, ingawa mwenzake hakuweza kumsikia. "Kojoa." Kisha akanigeukia.

"Luming, nenda kanitafutie wali. Hata bila mchuzi."