Goti la Mwalimu

Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa mtumbwi, kwa nyumba, na mmoja kwa sauti yake ya kuimba kanisani. Lakini goti! Hilo nimelionea wivu uzeeni, na sina hakika kama nimepona.

Tuliwekewa magoti ya bandia wiki ileile, mimi na mwalimu mstaafu wa Butimba, mama wa Kihaya, mjane, mwembamba kama fimbo. Tukawa tunakutana chumba cha mazoezi pale hospitali. Yeye analala chali, anapitisha kanga chini ya unyayo, anavuta, kisigino kinarudi mpaka karibu na makalio. Mimi navuta jasho linanitoka, goti limekaza kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Mwalimu, safi sana!" anasema binti wa mazoezi. Kwangu anasema, "Mzee, jitahidi." Mimi! Nilianza kwa kubeba dagaa kichwani pale soko la samaki la Mwaloni, darasani sikukaa, nikafika kuwa na mitumbwi yangu. Leo naambiwa nijitahidi.

Siku moja daktari akanikunja goti, akaguna. Kovu linashika ndani, akasema. Kama kliniki ijayo halijakunjika vya kutosha, atanilaza tena kwa dawa ya usingizi, alikunje kwa nguvu. Nilikiogopa kile kitanda cha upasuaji, sikumwambia mtu.

Tukiwa kwenye benchi nikamchokoza mwalimu. "Ninyi mifupa yenu ni ya ndizi, lazima ipinde."

"Na goti lako gumu kama kichwa chako, mzee wa samaki. Nyumbani unafanya nini?"

Nikajibu kwa fahari. Kwangu Igogo nikikohoa tu, wake za wanangu wawili wameshasimama. Maji yanaletwa, ugali unaletwa, mto mnene uko chini ya goti. Siinuki ila kwenda chooni.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi ataniletea nani? Wanangu wako Dar, wananiletea simu. Nikitaka chai naamka. Goti langu limekunjwa na shida, mzee. Na huo mto utoe, unaligandisha."

Iliniuma. Maisha yote nimetafuta ili uzeeni nihudumiwe, halafu asiye na mtu ndiye ananipita!

Nilipofika nyumbani nikautupa mto. Nikasema, "Asiniletee mtu hata kijiko." Wale wake za wanangu wakadhani nimekasirika. Mmoja akaja kuniomba msamaha, akapiga magoti, na alivyoyapiga, chap, bila kushika popote, nikamwonea wivu na yeye.

Nikawa naenda mwenyewe kwenye pipa la maji, jikoni, getini. Nikivuta kanga namwona mwalimu mbele ya macho, navuta tena. Nililia, nasema wazi. Dawa ya maumivu ilinisaidia, lakini kilichonivuta ni wivu.

Siku ya kliniki daktari akakunja, akatazama, akakunja tena. "Mzee, kitanda umekikwepa."

Nikatoka nje nikimtafuta mwalimu nimtambie. Nikamkuta anapanda bodaboda. Akarusha mguu juu ya siti kama msichana, akatulia nyuma ya dereva, akanipungia mkono.

Nikampungia. Tabasamu lilikataa kuja. Huyu mama, hilo la pikipiki kajifunza lini?