Njeri Miongoni mwa Makaburi ya Wazungu

Kabla sijaiona Ruiru niliinusa. Treni iliposimama, harufu ya maganda ya kahawa yanayooza iliingia dirishani, tamu na kali kama togwa iliyosahauliwa mtungini. Nilikuwa na miaka tisa. Mama na mimi tulikuwa tumetoka Moshi, tukavuka mpaka kuingia Kenya katika miaka ile ya hali ya hatari, askari wakitukagua karatasi njiani. Dada yake mama, ambaye mimi nilimwita mama mkubwa, aliolewa huko na Mkikuyu, Kamau, mpishi wa mzungu mwenye shamba. Barua ilitwambia kwamba kitinda mimba wao, Njeri, amefariki kwa surua. Haikusema zaidi.

Nilidhani tutakuta matanga. Tulikuta watu wanachuma kahawa. Mama mkubwa alitupokea kwa uji, akauliza habari za ng'ombe na migomba ya nyumbani, wala hakulitaja jina la mtoto. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Sikujua bado kwamba moyo unaweza kufa na mikono ikaendelea kuosha vikombe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: siku ya tatu nilifungwa kikapu kiunoni, nikaingia shambani pamoja na binti yake, Wanjiru, aliyenizidi mwaka mmoja.

Mwisho wa shamba, karibu na mto, palikuwa na makaburi ya zamani ya wazungu. Ua wa chuma ulikuwa umeliwa na kutu, misalaba imeinama, nyasi zimefika magotini. Tulipomaliza kuchuma, Wanjiru alinipeleka nimsomee mawe, maana shule yao ilikuwa imefungwa. Jiwe moja lilichongwa mwanakondoo. Nikatoa mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa kufa, nikamwambia huyu alikuwa na miaka miwili.

"Kama Njeri," alisema.

"Njeri alizikwa wapi?"

"Sijui. Hata maitu, mama yangu, hajui. Siku hizo mama mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali kule Thika. Baba alimzika peke yake, na tukimuuliza ananyamaza."

Tulizunguka nyuma ya jiwe lile. Palikuwa na tuta dogo la udongo mwekundu, limezungushiwa kokoto za mtoni, na juu yake kikombe cha bati cha rangi ya buluu kimefunikwa kifudifudi. Wanjiru alikitazama. "Ni chake," alisema. "Usiseme. Mzungu akijua, baba atafukuzwa." Nilisubiri kulia. Sikulia. Nilikuwa nasikia tu mashine ya kumenya kahawa ikinguruma ng'ambo ya mto.

Asubuhi yake, tukichambua maharagwe, nilisema. Sijui kwa nini. "Mama mkubwa, Njeri yuko kule kwa wazungu." Alimaliza kuchambua yaliyobaki, akainuka, akaenda kumngoja mumewe njiani. Nilimfuata.

"Ulimweka huko?" alimuuliza.

Kamau alivua aproni, akaikunja. "Nilinyimwa kibali cha kumtoa nje ya shamba. Nyuma ya nyumba zetu ni mwamba mtupu. Pale hakuna mtu anayechimba tena."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungekwenda kila siku. Wangekuona."

Mama mkubwa alishika njia ya mtoni. Alikwenda siku ile moja, mimi na Wanjiru tukisimama langoni kuangalia njia. Aling'oa nyasi kulizunguka tuta, akajifuta mikono kwa leso. "Ni pazuri," alisema, tukarudi kuchuma. Mpaka tulipopanda treni kwenda kwetu sikumsikia tena akizungumzia jambo hilo, na hakuna aliyemfukuza Kamau.

Mwaka juzi tulimzika Wanjiru mwenyewe, Thika. Palikuwa na mahema na vipaza sauti, picha yake imechapishwa kwenye fulana za wajukuu, na watu walilia wazi mbele ya kamera bila kumwogopa yeyote. Nilifurahi kuyaona hayo. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilisema alikuwa mchumaji hodari wa kahawa, nikakaa. Mjukuu wangu aliniinamia akanong'ona, "Bibi, mbona hulii?"

Nilimwambia nilijifunzia Ruiru. Hakuelewa, nami nilimshukuru Mungu kwamba hakuelewa.